Kwa vijana wangu, kuhusu mkato wa Luka 23:43

Wanangu wa kikundi cha Biblia, Bwana Yesu asifiwe.

Usiku ule wa msiba nilikuwa nimekaa mkekani, nyuma yenu. Mhubiri alipomaliza kusoma jibu la Yesu kwa mhalifu aliyesulubiwa pamoja naye, "Amin, nakuambia, leo hivi utakuwa pamoja nami peponi," mmoja wenu alinong'ona kwamba mkato, yaani koma, umewekwa pasipo pake: ukikaa baada ya "leo," basi leo ni siku ya kuahidi tu, si siku ya kuingia peponi. Mwenzake akamjibu. Mara simu zikawashwa, tafsiri zikasomwa kwa kupokezana, sauti zikapanda. Mama mfiwa akainua kichwa: "Kwa hiyo mume wangu yuko wapi?" Mkanyamaza. Nami nilinyamaza, na hilo limeninyima usingizi.

Swali lenu si la kipuuzi. Hati za kale kabisa za Kigiriki ziliandikwa herufi zimebanana, karibu bila alama yoyote. Mkato huu tunaougombania umewekwa na waliokuja baadaye. Anayesoma "nakuambia leo, utakuwa pamoja nami" hajachakachua neno la Mungu. Tena ana andiko la kumsaidia: siku ya tatu, alipofufuka, Yesu anamwambia Mariamu Magdalene, "sijapaa kwenda kwa Baba." Nanyi mnaogonga meza kwa "leo hivi," Kigiriki kina neno moja tu, sēmeron, leo. Hilo "hivi" ni mkazo wa watafsiri wa Union Version, Biblia yetu ya Kiswahili.

Mimi nauacha mkato ulipo, kabla ya neno "leo." "Amin, nakuambia" ndivyo Yesu anavyoanza neno zito, na hakuna pengine katika Injili anapoambatanisha mwanzo huo na siku anayosemea. Halafu Luka ana namna yake na neno leo. Nyumbani kwa Zakayo, "Leo wokovu umefika nyumbani humu." Mhalifu aliomba akumbukwe siku ya ufalme, siku asiyojua iko mbali kiasi gani, akajibiwa "leo." Naona hapo ndipo penye utamu wa habari yote. Lakini siapi. Katika Marko 14:30, Petro anapoambiwa atamkana Bwana "leo, usiku huu," Kigiriki kimetanguliza neno dogo hoti, yaani kwamba, likafunga mlango wa ubishi. Hapa Luka hakuliweka.

Uhamisheni mkato mtakavyo, "pamoja nami" haihami. Mama yule alistahili kuambiwa hilo usiku ule, na sisi sote tuliokuwa pale tulilijua.

Naomba kabla ya Alhamisi mwende kwake, simu mziache nyumbani. Mchotieni maji, mkae naye, kisha yule aliyeanza kunong'ona amsomee kuanzia mstari wa 39, polepole, bila kueleza chochote. Alhamisi njooni na madaftari. Nitakuja na Agano Jipya la Kigiriki, tubishane mpaka taa izimwe.

Mzee wenu wa kanisa