Stoo imejaa, lakini kinachotakiwa hakipo

Malalamiko haya huja pacha: fedha zimelala stoo, na papo hapo oda ya mteja imekwama kwa kukosa kitu kimoja. Wengi huona dawa ni kuongeza mzigo. Mara nyingi mzigo unatosha. Kilichokosewa ni lini uagizwe, na kule kwenye mashine, kazi ipi itangulie.

Tuchukue maboksi ya kufungashia. Karakana inatumia 40 kwa siku, na tangu oda itoke hadi mzigo ushushwe ni siku 9 za kazi. Hesabu ya wengi inaishia hapo: 40 mara 9, basi yakibaki 360 tunaagiza. Lakini hiyo ni hesabu ya wastani, na ukiifuata, karibu nusu ya mizunguko maboksi yataisha kabla gari halijafika. Hapo ndipo akiba ya tahadhari inapoingia. Tuseme matumizi ya siku yanapandashuka kwa mkengeuko sanifu wa 12, yaani kipimo cha jinsi siku zinavyotofautiana na wastani. Zidisha 12 kwa kipeuo cha pili cha 9, yaani 3, upate 36. Kisha zidisha kwa 1.65, namba ya kitakwimu inayotumika ukitaka mzigo usikatike katika mizunguko 95 kati ya 100. Jibu ni kama 60. Kwa hiyo agiza yakibaki 420.

Hiyo ni kama msambazaji hakosei siku. Akiwa na wastani wa siku 9 lakini mkengeuko wa siku 2, mambo hubadilika: siku 2 ni maboksi 80. Kipeo cha pili cha 80 ukijumlisha na cha 36 ni 7,696. Kipeuo chake ni karibu 88, na mara 1.65 ni 145. Akiba imeruka kutoka 60 hadi 145, na kiwango cha kuagiza kutoka 420 hadi 505, ilhali wateja ni walewale. Kabla ya kujenga stoo nyingine, kaa na msambazaji mzungumze tarehe.

Kosa jingine ni la macho. Mtunza stoo anaangalia rafu, anaona 300, anaagiza, kumbe mzigo wa kwanza uko njiani. Kinacholinganishwa na 505 ni kilichoko rafuni, kuongeza kilichokwisha kuagizwa, kutoa kilichoahidiwa wateja.

Kiasi cha kuagiza kina kanuni ya zamani, aliyoitoa Ford W. Harris mwaka 1913. Matumizi ya mwaka ni 12,000, gharama ya kuagiza mara moja 60, na ya kutunza boksi moja mwaka mzima 4 (fedha yoyote, mradi iwe moja). Mara mbili ya 12,000, mara 60, gawanya kwa 4: 360,000. Kipeuo chake ni 600, kiasi cha kuagiza kila mara ili gharama ya kuagiza na ya kutunza kwa pamoja iwe ndogo kuliko zote. Usiumize kichwa kuipata 600 kamili. Hata ukiagiza 900, gharama hizo mbili kwa pamoja zinapanda kwa kama asilimia 8 tu.

Kwenye mashine, foleni mara nyingi hupangwa na anayepiga simu kwa sauti kubwa. Tuseme kuna kazi nne, kila moja inakatwa kwanza, kisha inashonwa: A inakatwa kwa saa 5 na kushonwa kwa saa 2, B saa 3 na 6, C saa 1 na 4, D saa 7 na 5. Zikifuata herufi, ya mwisho inatoka saa ya 23. Kanuni ya Johnson ya mwaka 1954 inasema: tafuta muda mfupi kuliko yote, ukiwa wa mashine ya kwanza, kazi iende mbele ya foleni, ukiwa wa ya pili, iende nyuma. Iondoe, rudia kwa zilizobaki. Unapata C, B, D, A, na zote zimekwisha saa ya 18. Saa 5 zimepatikana bila kununua hata sindano: mshonaji anapewa kazi mapema, hakai akimsubiri mkataji.

Kanuni hiyo ni ya mashine mbili, na tarehe za ahadi haizijui kabisa. Kama kuchelewa kuna faini, na kazi zote zinapita kwenye mashine moja iliyoelemewa, zipange kwa tarehe ya ahadi, iliyo karibu kwanza. Hapo ucheleweshaji mbaya kuliko wote unakuwa mdogo iwezekanavyo.

Ukitaka tukupigie hesabu hizi, tuletee matumizi ya kila siku ya miezi 6, na kwa kila oda, tarehe iliyotoka na tarehe mzigo uliposhushwa. Siku ambazo kitu hakikuwepo stoo zitie alama, usiandike sifuri. Ukiandika sifuri, hesabu itasoma kwamba hakuna aliyekihitaji, na kiwango cha kuagiza kitashushwa kwa kitu kilekile kinachokosekana.