Barua ya wazi kwa diwani wetu: anza na nyumba iliyokwishaibiwa

Mheshimiwa Diwani,

Salaam. Nakuandikia hadharani kwa kuwa jambo lenyewe ni la watu wote, na pia kwa kuwa mkutano uliopita ulituambia milango ya ofisi yako iko wazi. Yetu nayo siku hizi iko wazi, ila hatukuifungua sisi.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ameibiwa mara mbili ndani ya wiki tatu. Mara ya kwanza walikata nondo mbili za dirisha la jikoni, wakabeba televisheni, mtungi wa gesi na simu zilizokuwa kwenye chaji. Akaenda kutoa taarifa, akarudi na karatasi yake, akaziba pengo kwa waya. Baada ya wiki mbili akanunua televisheni nyingine, na boksi lake akaliegemeza kwenye pipa la taka nje ya geti, picha imeelekea barabarani. Siku ya nne wakarudi, dirisha lile lile. Vipande vya waya tulivikuta kwenye karo, vimekatwa kwa koleo.

Watu wanasema ana mkosi. Hapana, Mheshimiwa. Mwizi aliyekwisha kuingia anajua njia, anajua chumba gani kina nini na taa huzimwa saa ngapi, na anajua kilichochukuliwa kitanunuliwa tena. Wanaochunguza uhalifu wameliona hili katika nchi nyingi: nyumba iliyovunjwa iko hatarini kuvunjwa tena kuliko isiyoguswa, hatari hiyo huwa kubwa zaidi wiki za mwanzo, na majirani wa karibu nao huingia kwenye foleni.

Kuna mtaa unaoitwa Kirkholt, huko Rochdale, Uingereza. Una nyumba zaidi ya 2,000, na miaka ya themanini wizi wa kuvunja uliuelemea. Mwaka 1986 wakaacha kuhangaika na mtaa mzima kwa mpigo, wakaanza na walioibiwa. Vitasa na madirisha yao yaliimarishwa. Mita za umeme na gesi zilizokuwa zikilishwa sarafu, ambazo wezi walizivunja kama vibubu, zikaondolewa. Kisha majirani wachache wanaoizunguka kila nyumba iliyoibiwa wakaombwa waiangalie kwa zamu. Miaka mitatu baadaye wizi wa majumbani ulikuwa umeshuka kwa asilimia 75. Mambo mengi yalifanyika pale kwa pamoja, kwa hiyo sisemi ni kitasa peke yake. Nasema walijua pa kuanzia.

Sisi tumeanzia wapi? Mkutano ulipitisha doria. Vijana wanapita toka juu ya mtaa hadi chini na kurunzi, wakipuliza filimbi kila kona, kila nyumba ikipata sehemu yake sawa. Nawashukuru, wanakosa usingizi kwa ajili yetu. Lakini mwizi naye ana masikio. Akisikia filimbi ya kona ya pili anajua kona ya tano ana nafasi. Ninachoomba ni kwamba nyumba ikiibiwa leo, kwa wiki sita zinazofuata doria ipite hapo mara nyingi, kimyakimya, saa zisizotabirika, na majirani wa kulia, kushoto, mbele na nyuma wawe na namba ya simu ya kiongozi wa zamu. Vijana waambiwe pia, kwa maneno yako mwenyewe, kwamba wakimkamata mtu kazi yao ni kumkabidhi polisi akiwa mzima. Mshukiwa akipigwa mtaani, tutakuwa tumeongeza kosa juu ya kosa.

Taa ya kichochoroni imekufa muda mrefu, unaijua. Jijini New York mwaka 2016 waliweka minara ya taa katika baadhi ya makazi ya umma, na uhalifu mkubwa wa nje nyakati za usiku ukapungua kwa takriban asilimia 36. Sisi hatuhitaji mnara, balbu moja inatosha.

Kamera siombi. Fedha hizo, kama zipo, ziende kwanza kwa fundi wa kuchomelea.

Lingine ni la kwetu wenyewe, ila tunahitaji mtu wa kutusukuma. Jirani alipoulizwa namba za utambulisho za simu zake hakuwa nazo, na mimi nilipojipima nikajikuta sina pia. Ukibonyeza *#06# simu inakutolea namba yake ya tarakimu 15. Televisheni ina yake mgongoni. Tangaza Jumamosi moja, kila mwenye nyumba na mpangaji aandike namba hizo kwenye karatasi na kuitunza mbali na vifaa vyenyewe. Simu iliyokamatwa bila namba ni vigumu kuthibitisha ni ya nani, na anayenunua vya wizi analijua hilo vizuri.

Wizi wa pili ulitokea usiku wa kuamkia Jumatano. Leo ni siku ya sita. Nimechungulia asubuhi hii kabla ya kuandika: dirisha limefungwa kwa waya tena, safari hii ameuzungusha mara tatu. Fundi wa kuchomelea anaweza kuja kesho ofisi yako ikimpigia leo.

Wako,
Mkazi wa nyumba inayofuata