Kuhusu ile aya ya tatu

Nkuhungu, Dodoma

Ndugu yangu Hamisi,

Salaam nyingi. Huku sote hatujambo, upepo na vumbi la Dodoma ni lile lile unalolijua, na mama watoto anakusalimu. Mfikishie Bi Mkubwa shikamoo yangu. Rashidi alinikuta stendi ya Nanenane akanifikishia malalamiko yako yote kuhusu ukimya wangu, tena kwa nyongeza zake mwenyewe, kwa hiyo sitakuzungusha kwa visingizio. Naingia moja kwa moja kwenye zile kurasa ulizonitumia.

Umeniomba niyapitie maelezo ya michoro ya miambani ya Kolo kabla hujawagawia wanafunzi wako watakaokwenda ziara, na ukaniambia kwa furaha kwamba akili mnemba imekuandikia yote hayo wakati unasubiri chai ichemke. Kiswahili chake kimenyooka, hilo sina ubishi nalo. Nawajua makatibu wa vikao ambao wangepaswa kukionea wivu. Kilichonikwamisha ni aya ya tatu. Inasema kwamba wale watu wembamba waliorefushwa, ambao mmoja wao ameshikwa na wenzake pande zote mbili, ni wanaume wanaomgombea mwanamke. Imesema hivyo ikaweka nukta, utadhani aliyeandika alikuwepo rangi nyekundu ilipokuwa inasagwa.

Mary Leakey, mwanaakiolojia aliyekuja Kondoa mwaka 1951 kuinakili michoro hiyo, ndiye aliyeona mwanamke anayevutwa huku na huku. Miaka mingi baadaye watafiti wengine waliutazama mchoro uleule wakaona jambo jingine kabisa, yaani ngoma ya kupandisha mori wa kiroho, ya jamaa moja na simbo ya Wasandawe, ambamo mtu aliyezidiwa hushikwa na wenzake asianguke. Mchoro haukuongezwa hata mstari mmoja kati ya usomaji wa kwanza na wa pili. UNESCO iliingiza eneo lote katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, na ubishi haukuisha kwa sababu hiyo. Sasa mashine yako imeutoa wapi uhakika wake?

Nimelala na swali hilo, nikaamka nalo, na limenirudisha kwenye lile ambalo wewe na Mwalimu Chiku mlikuwa mkibishania hadi mlinzi akazima taa: alama hupataje maana? Mstari mwekundu juu ya jabali hauna maana iliyofichwa ndani ya rangi yake, na neno “jabali” lenyewe halina ugumu wowote ukilitamka. Lazima pawepo mtu aliyeunganisha kimoja na kingine, na lazima wawepo wengine waliokubaliana naye au waliomkatalia.

Mfano unaonisaidia zaidi uko huku huku kwetu. Wahadzabe humwita kwa mluzi yule ndege anayewaongoza watu kwenye nyuki. Wayao wa kaskazini mwa Msumbiji wana ndege huyo huyo, lakini wao humwita kwa kutetemesha ulimi na kumalizia na mguno. Mwaka 2023 Claire Spottiswoode na Brian Wood walichapisha katika jarida la Science majaribio ambayo sauti zote mbili zilichezwa katika nchi zote mbili. Huku Tanzania ndege waliitikia mluzi wa Wahadzabe zaidi ya mara tatu kuliko walivyoitikia sauti ya Wayao, na kule Msumbiji waliitikia sauti ya Wayao karibu mara mbili kuliko mluzi wa Wahadzabe. Hebu tafakari, Hamisi: mluzi haufanani na asali, wala na nyuki, wala na shoka. Uzito wake unatokana na kwamba baada ya mluzi huja moshi, mzinga hupasuliwa, mtu huondoka na asali na ndege hubaki na nta. Ndege anayeufuata mluzi usio wa watu wa kwao hupoteza asubuhi yake bure, na mtu anayepiga mluzi hovyo huzunguka porini mikono mitupu. Kila upande una la kupoteza ukikosea, na nadhani humo ndimo maana inamojishikiza.

Mashine ilijifunza kwa njia nyingine. Maandishi mengi mno hukatwakatwa katika vipande vya maneno, kila kipande hupewa safu ndefu ya namba, kisha mashine hubahatisha kipande kinachofuata, na kila inapokosea namba hizo hurekebishwa kidogo, tena na tena bila kuchoka. Maneno yanayopenda kukaa pamoja na majirani walewale huishia kuwa na namba zinazokaribiana. Mwingereza mmoja, J. R. Firth, alikwisha kusema mwaka 1957 kwamba neno utalijua kwa maneno linaloandamana nayo, na mashine hizi zimelichukua wazo lake mbali kuliko alivyoweza kuota. Kwa hiyo ndani yake “asali” iko jirani na “nyuki”, “mzinga” na “nta”, pahali pake hasa, ingawa hakuna ulimi ulioonja chochote. Stevan Harnad aliliweka tatizo hili vizuri mwaka 1990: mtu asiyejua Kichina hata kidogo anapewa kamusi ya Kichina kwa Kichina, anatafuta alama moja, anaelekezwa kwenye alama nyingine, na kutoka hapo kwenye nyingine, akizunguka siku nzima bila kufika kwenye kitu chenyewe.

Najua utakavyonijibu, na Chiku atakuunga mkono. Utasema kwamba sisi pia tunayo maneno chungu nzima tusiyoyagusa kamwe. Ni kweli, na lipo jambo linalonitia mashaka mwenyewe. Barbara Landau na Lila Gleitman waliandika mwaka 1985 kuhusu mtoto aliyekuwa kipofu tangu siku zake za kwanza, ambaye alipoambiwa atazame juu aliinua mikono, wakati watoto wanaoona, waliofungwa kitambaa machoni, waliinua nyuso. Mtoto yule alikuwa amelijaza neno la macho kwa vidole vyake, na maneno ya kuona aliyatumia kwa ufasaha kwa sababu alikuwa ameyasikia katika mazungumzo ya watu. Basi uandamani wa maneno hubeba mengi, mengi kuliko nilivyokuwa nikidhani. Isitoshe, mashine za sasa hulishwa picha pia, na watu hulipwa kuzisahihishia majibu. Siwezi kusema kwamba hazijui kitu.

Lakini turudi kwenye aya ya tatu. Hata tukiipa mashine macho, hata tukiibeba hadi Mongomi, kwenye pango lenye mchoro huo, na kuiegemeza mwambani, bado haitapata inachokosa, kwa sababu wale ambao wangeweza kuiambia “hapana, sivyo” walikwisha kuondoka kabla babu zetu hawajazaliwa. Kwa hilo mimi na wewe hatuna ubora wowote juu yake, ila sisi tunajua kwamba waliondoka. Nadhani iliuchukua usomaji wa Leakey kwa sababu ndio ulioandikwa zaidi, ikauvika Kiswahili kizuri, na mashaka yakaanguka njiani. Halafu inakuja sehemu inayoniudhi kweli: kurasa zako hazitaji popote kwamba wazee bado hupanda pale kwa matambiko ya mvua na uponyaji. Huenda maana yao si ile ya wachoraji, lakini ni maana iliyo hai, yenye watu wa kuitetea, nawe unaishi nayo jirani!

Ombi langu ni kwamba uifute aya hiyo uiandike upya kwa mkono wako, uweke usomaji wa aina zote mbili bila kuwachagulia watoto, kisha uwasimamishe mbele ya mwamba wabishane. Ukiona vema, wape karatasi ya mashine pia waikosoe, maana sidai uitupe. Kurasa nyingine sina neno nazo, isipokuwa koma.

Sasa nijibu upesi. Yule mzee wa Kolo tuliyekunywa naye togwa bado yupo, na anaweza kukubali kuzungumza na wanafunzi? Je, kuna Msandawe hapo shuleni, mwalimu au mwanafunzi, ambaye ndugu zake wamewahi kuiona simbo? Chiku amesema nini kuhusu mtoto yule kipofu, au hukumsomea? Mkuu wako wa shule amekwisha kupitisha nauli? Na ziara ni wiki gani hasa, ili niombe ruhusa kazini mapema nije niwe upande wa wabishi?

Wako,
Lameck