Steve Albini hakuiharibu In Utero

Ndugu Mhariri,

Nalisoma gazeti lako miaka mingi na sijawahi kukuandikia. Ile makala ya Jumamosi kuhusu In Utero, albamu ya Nirvana, bendi ya roki ya Marekani, imenishinda kunyamazia.

Mwandishi wako anadai Steve Albini, fundi aliyeirekodi, aliiharibu In Utero, ikabidi yote ichanganywe upya, yaani sauti za ala na za mwimbaji zipangwe upya viwango vyake, ndipo iuzike. Si kweli! Kabla albamu haijatoka Septemba 1993, nyimbo mbili tu zilipelekwa kwa mtayarishaji mwingine, Scott Litt, azichanganye upya: Heart-Shaped Box na All Apologies. Zilizobaki alizichanganya Albini mwenyewe, katika wiki mbili hivi za Februari alizokaa na bendi kwenye studio ya Pachyderm, Minnesota, Marekani. Mwaka uleule jarida la Newsweek liliandika kana kwamba kampuni ya rekodi inaishinikiza bendi ibadilishe albamu, na Nirvana wakalipia ukurasa mzima wa Billboard, jarida la muziki, kujibu. Leo gazeti langu linafufua maneno yaleyale.

Kinachonikera zaidi ni fundi kutupiwa lawama na watu wasiojua kazi yake. Albini aliwaandikia Nirvana kabla hawajaanza kwamba mrabaha, yaani fungu la kila nakala inayouzwa, hautaki, alipwe kama fundi bomba: amalize, achukue chake, aondoke. Akapokea dola 100,000, basi, kwa albamu iliyokuja nyuma ya Nevermind, ile iliyowauzia mamilioni! Sikiliza ngoma za Dave Grohl, mpiga ngoma wao, zinapofungua Scentless Apprentice, wimbo wa albamu hiyo. Unasikia ukubwa wa chumba, unasikia ukuta ukirudisha pigo. Sauti ile hutafutwa kwa kusogeza maikrofoni, kusikiliza, kusogeza tena. Najua, kwa sababu mimi ni fundi mitambo. Nilishinda kutwa nzima nikizitafutia mahali ngoma za bendi moja ya vijana, wakafurahi, mpiga ngoma akanikumbatia. Nilipotoka, mwenye studio akafuta kila kitu na kupachika ngoma za kompyuta bila kuniambia. Wimbo ulipopigwa redioni watu wakanifuata mimi, mbona nimerekodi ngoma zinalia kama makopo?

Na hizo redio nazo! Mtangazaji anaongea juu ya gitaa mpaka mwimbaji anapoanza, kisha wimbo unakwisha hatujaambiwa nani kapiga besi wala nani karekodi. Enzi za kanda, majina yalikuwa kwenye karatasi ya kava na tuliyakariri. Kwenye simu mtoto anaona picha ya mwimbaji tu.

Naomba masahihisho yachapwe ukurasa uleule, kwa herufi za ukubwa uleule. Mwandishi wako apewe hedifoni nzuri na toleo la 2013, ambalo lina zile nyimbo mbili kama Albini alivyozichanganya mwanzo, aketi azisikilize sambamba na zilizotoka 1993. Asiandike tena habari za mtu huyu kabla hajafanya hivyo. Albini alifariki Mei 2024, hawezi kulipia ukurasa wa kumjibu. Na kuanzia sasa, kila uhakiki wa albamu gazetini mwako utaje aliyerekodi na studio aliyorekodia, mstari wa kwanza, kando ya jina la mwimbaji.

Fundi mitambo,
Dar es Salaam