Nanga za kifuniko cha bwawa zikaguliwe kabla ya masika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme na wenye mabwawa ya kuogelea hapa Moshi, hasa wenye loji na nyumba za wageni za Shanty Town na za kuelekea Machame, ambao masika yakikaribia wageni hupungua nao hufunika mabwawa yao. Mimi ni fundi, kazi yangu ni kutunza mabwawa.

Naona mtu anatoa fedha nyingi kuagiza kifuniko cha usalama kutoka nje, lakini ukimtajia nanga zinazokishika anasema tutaangalia baadaye. Kifuniko kile hakijishiki chenyewe. Kinavutwa na mikanda, mkanda una springi, springi imenasa kwenye skrubu ya brasi, na skrubu imekaa ndani ya bomba dogo la brasi lililozamishwa kwenye zege la sakafu. Skrubu na bomba lake ndiyo nanga. Kipimo cha Marekani kiitwacho ASTM F1346, cha mwaka 1991, kinataka kifuniko cha bwawa pana kibebe kilo 220, yaani watu wazima wawili na mtoto mmoja, maana mtoto akitumbukia wakubwa nao watamkimbilia. Uzito huo wote unaishia kwenye zile nanga.

Masika yaliyopita niliitwa kwenye nyumba moja ambayo siitaji. Kifuniko kizuri cha kijani, hakina hata tundu. Ila pembe ya upande wa bustani nanga zilikuwa zimekufa, na mtunza bustani alikuwa ameambiwa afunge mikanda kwenye mpera kwa kamba ya manila. Usiku mvua imepiga, kamba imelegea, pembe imebonyea na kutuamisha maji, na juu ya maji unaelea mpira wa mtoto. Nikamuuliza mama wa jikoni, mpira huu wa nani? Akasema, wa mwanangu, huwa anapitia hapa akitoka shule. Mhariri, bwawa likiwa wazi mtoto anayaona maji na anaweza kuogopa. Likifunikwa anaona uwanja wa kuchezea. Kufunika kwa namna ile ni danganya toto, na ni afadhali usifunike kabisa, uweke mtu wa kulinda.

Kinachoua nanga ni uchafu. Kifuniko kikiondolewa mwezi wa sita, skrubu hukazwa chini mpaka zilingane na sakafu ili wageni wasijikwae, halafu basi, zinasahauliwa. Vumbi letu jekundu linaingia, mchanga unaingia, na fundi vigae akipita na ndoo yake anadondosha saruji juu. Mwaka unaofuata alenki, ule ufunguo wa pembe sita wa kuzungushia skrubu, haishiki. Kijana analazimisha, kona za lile tundu la pembe sita zinalika, na hapo skrubu haitoki tena.

Dawa yake haina gharama. Zizungushwe juu na chini kila mwezi hata kama kifuniko kiko stoo. Kabla ya kufunika zitolewe kabisa, meno yasuguliwe kwa mswaki wa zamani, tundu lisuuzwe kwa maji safi na kupulizwa, kisha zipakwe grisi ya silikoni kidogo tu. Oili chafu ya gereji hapana, inashika vumbi na kugeuka tope. Iliyoganda isilazimishwe kwa nguvu za kifua: imwagiwe siki, ilale, halafu irudishwe mbele na nyuma taratibu mpaka iachie.

Ninachogombana nacho zaidi ni bolti za chuma. Nanga ya brasi ikipotea mtu anakwenda sokoni Mbuyuni, anarudi na bolti ya chuma, anaichomeka na saruji kidogo. Klorini na mvua zinaila. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, kwa hiyo inatanua tundu na kupasua zege, na ufa ukifika kwenye nanga ya jirani umeharibu mbili kwa mpigo. Bomba likianza kucheza litolewe, tundu lisafishwe, lirudishwe kwa gundi ya epoksi. Kama zege limemomonyoka, litobolewe tundu jipya mahali pazima, kwenye mstari uleule wa mkanda. Kujaza plasta kwenye tundu bovu ni kupoteza siku. Na nanga moja ikifa usiseme zilizobaki zinatosha, kwani mzigo wake unahamia kwa za jirani.

Nawaomba wenye mabwawa wanapoagiza kifuniko waagize na nanga za akiba, na mwezi wa pili wampe mtunza bwawa alenki na siku nzima ya kuzipitia zote. Wengi wetu tunaripoti ubovu tunaambiwa hakuna bajeti, huku kwenye geti panapakwa rangi.

Ombi langu la mwisho ni kwa maafisa afya. Mkija kukagua vyoo na jiko, fikeni na kwenye bwawa, mshike mkanda mmoja mmoja. Springi ikiwa imebonyea karibu nusu, sawa. Ikiwa imelala chini, au mkanda umefungwa kwa kamba, mwambieni mwenye nyumba awaonyeshe nanga yake iko wapi, na msisaini mpaka irekebishwe.

Fundi wa mabwawa,
Shanty Town, Moshi