Mhariri, vijiji vyetu havina watendaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongelee hii ishu ya watendaji wa vijiji, maana kila siku habari za utumishi wa umma ni makatibu wakuu na wakurugenzi, nani kateuliwa nani katenguliwa, wakati huku chini ambako sisi wananchi ndio tunakutana na serikali ofisi haina mtu.

Kijijini kwetu mtendaji alistaafu na mpaka leo hatujaletewa mwingine. Alianza kukaimu bwana shamba, naye akahamishwa, sasa hivi anatushikia mtendaji wa kijiji jirani ambaye na yeye ana kijiji chake na matatizo yake, kwahiyo muhuri uko kule, mtu akitaka barua ya utambulisho ya benki au mtoto akitaka kusainiwa fomu za mkopo wa chuo ni nauli ya bodaboda kwenda na kurudi, na akikuta mtendaji kaitwa kikao wilayani anarudi hivihivi.

Tena sio mihuri tu jamani. Soma tangazo lolote la ajira za Mtendaji wa Kijiji Daraja la III utaona wameandika yeye ni afisa masuuli, yani msimamizi wa fedha, na mtendaji mkuu wa serikali ya kijiji, ni katibu wa vikao vya halmashauri ya kijiji, anasimamia ulinzi na usalama, anapokea malalamiko na kutatua migogoro. Halafu kuna ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeipa halmashauri ya kijiji kazi ya kusimamia ardhi kwa niaba yetu wote, sasa kikao cha kugawa ardhi kikikaa bila katibu anayejua kazi yake muhtasari anaandika nani na unatunzwa wapi? Baada ya miaka mitano watu wawili wanaleta karatasi mbili za shamba moja na kila karatasi ina sahihi ya mwenyekiti. Kesi za hivyo tunazo, zimegombanisha ndugu kabisa. Na mkutano mkuu wa kijiji ambao unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu tusomewe mapato na matumizi unapigwa kalenda tu kwasababu wa kuandaa hizo taarifa hayupo.

Ukiuliza wilayani jibu ni moja, tunasubiri kibali. Na kiukweli siwalaumu sana wa wilayani, kwasababu halmashauri ya wilaya inaandaa ikama, yani idadi ya watumishi inaohitaji, na bajeti yake lakini kibali cha kuajiri kinatoka UTUMISHI, ofisi ya watumishi wa umma, anayesimamia halmashauri ni TAMISEMI, ofisi ya serikali za mitaa, pesa ya mshahara iko Hazina, yani mtumishi mmoja wa ngazi ya mshahara TGS B mpaka afike kijijini karatasi lake linapita ofisi nne. Serikali za mitaa zilifutwa 1972 wakati wa mpango wa serikali ulioitwa Madaraka Mikoani, zikarudishwa kwa sheria za 1982 ili wananchi wajiendeshee mambo yao, sasa kama halmashauri haiwezi kujaza hata nafasi ya mtendaji aliyestaafu hapo inajiendesha nini? Na vijana waliosoma Hombolo, Chuo cha Serikali za Mitaa, wenye vyeti vya kazi hiihii, wako mtaani wanabeti.

Naamini linawezekana. Serikali ilipoamua kuhakiki vyeti ilihakiki nchi nzima na Aprili 2017 Rais Magufuli akakabidhiwa ripoti yenye watumishi 9,932 wa vyeti vya kughushi. Kama iliweza kumjua kila mwenye cheti feki alipo, inaweza pia kujua ni vijiji vingapi kati ya hivi zaidi ya 12,000 havina mtendaji. Itoe hiyo orodha kila halmashauri, ibandikwe tuione.

Halafu jambo la pili ambalo ndio kubwa kwangu. Umri wa kustaafu kwa lazima ni miaka 60 na tarehe ya kuzaliwa ya kila mtumishi iko kwenye faili lake tangu siku ya kwanza ya ajira, kwahiyo hakuna mtendaji anayestaafu kwa ghafla. Kibali cha ajira mbadala kitoke mwaka mmoja kabla, huyo mpya aje akae na mzee hata miezi mitatu akabidhiwe mafaili, aoneshwe mipaka ya kijiji na mashamba yenye kesi. Wetu aliondoka na mambo mengi kichwani ambayo hayajaandikwa popote na wa kumkabidhi hakuwepo, na kwa sasa mzee bado ana nguvu zake, bado tunamfuata nyumbani kumuuliza, kwahiyo tukiletewa mtu hata mwezi ujao itakuwa haijachelewa.

Msomaji wenu,
Mkulima