Bei ya huduma yako inaanzia kwenye saa unazoweza kuuza

Ukiwa na biashara ya huduma ambayo simu haitulii, ratiba imejaa, na bado mwisho wa mwezi hakibaki kitu, usikimbilie kutafuta wateja zaidi. Fungua kwanza daftari uangalie bei yako ilipatikanaje. Mara nyingi ni njia moja kati ya mbili. Ama ulisikia wenzako wanatoza kiasi gani ukashuka kidogo, ama ulichukua mshahara unaoutaka ukaugawa kwa saa za kazi. Njia ya kwanza inakubebesha hesabu za mtu ambaye hujui analipa kodi ya ofisi kiasi gani, ana deni gani, wala kama naye anapata faida. Ya pili ndiyo inayoumiza zaidi, kwa sababu ina namba ndani yake na mwenyewe anaiamini.

Tuifanye hesabu hiyo hapa mwanzo mpaka mwisho. Namba tunaziacha bila sarafu, wewe weka unayotumia.

Saa za kazini na saa za kulipwa

Mwaka una wiki 52. Toa wiki 4 za mapumziko, wiki 2 za sikukuu ukizikusanya siku mojamoja, na wiki 2 za kuugua na dharura za nyumbani. Zinabaki wiki 44. Kwa saa 40 kila wiki, unapata saa 1,760 kwa mwaka.

Hapo ndipo wengi wanaposimama, na ndipo hesabu inapoharibika. Hizo ni saa za kuwa kazini, na hakuna mteja anayezilipia zote. Ndani yake kuna kujibu simu, kwenda kukagua kazi ambayo hutaipata, kuandika makadirio, kutafuta vifaa, kusafiri, kutoa ankara, kumkumbusha aliyechelewa kulipa, na kurudi kurekebisha kilicholegea. Kwa mtu anayefanya kazi peke yake, akifanikiwa kuuza asilimia 60 ya muda wake amejitahidi sana. Anayeanza, weka nusu. Asilimia 60 ya saa 1,760 ni saa 1,056, na hizo ndizo bidhaa yako ya mwaka mzima. Ghala lako halina zaidi ya hapo.

Usikadirie kwa kumbukumbu. Kwa wiki 4 andika kila siku saa ulizofanya kazi ya mteja anayelipa na saa za mengineyo, hata kwenye karatasi ya kawaida. Namba inayotoka huwa ndogo kuliko mtu alivyodhani, na ndiyo maana watu huikwepa.

Jambo moja la kuangalia hapa: kama safari umeshaihesabu kwenye ile asilimia 40 isiyolipwa, usimtoze mteja safari tena. Chagua moja. Wateja wako wakiwa mbali mbali, ni afadhali safari itozwe peke yake, la sivyo wa karibu anamlipia wa mbali.

Gharama, na mshahara wako uwe mojawapo

Mshahara wako si faida. Ni gharama, sawa na ambavyo ungemlipa mtu mwingine aifanye kazi hiyo. Tuseme ni 24,000 kwa mwaka. Gharama za uendeshaji, yaani simu, intaneti, bima, leseni, usafiri, makato ya benki, matangazo na pango, ziwe 9,000. Halafu kuna ile inayosahaulika kuliko zote: uchakavu. Mashine uliyoinunua kwa 5,400 na itadumu miaka 3 inakula 1,800 kila mwaka, hata kama mwaka huu hukununua chochote. Usipoiweka kwenye bei, siku itakapokufa utakopa ili ununue nyingine.

Jumla ni 34,800. Gawanya kwa saa 1,056, unapata karibu 33 kwa saa. Hiyo ndiyo sakafu: ukitoza hapo umejilipa mshahara na umelipa bili, lakini biashara yenyewe haikubaki na akiba ya mwezi mbaya wala mtaji wa kukua.

Sasa faida. Tuseme unataka ibaki asilimia 15 ya mauzo. Wengi huchukua gharama wakaongeza asilimia 15 juu yake, wakapata 40,020. Hiyo inakupa asilimia 13 tu, kwa sababu faida ya 5,220 inapimwa dhidi ya mauzo ya 40,020. Ukitaka asilimia 15 ya mauzo, gawanya gharama kwa 0.85: unapata karibu 40,940. Hapa tofauti ni ndogo, lakini hukua haraka. Anayetaka kubaki na asilimia 40 akaongeza 40 juu ya gharama ya 100 anauza kwa 140 na kubaki na chini ya asilimia 29. Alipaswa kuuza kwa karibu 167.

Gawanya 40,940 kwa saa 1,056: bei yako ni karibu 39 kwa saa. Ilinganishe na ile hesabu ya haraka ya mshahara 24,000 kugawanywa kwa wiki 52 za saa 40. Hiyo ingekupa 11.5. Ni mtu yuleyule na mshahara uleule, lakini bei moja ni zaidi ya mara tatu ya nyingine. Anayetoza 11.5 anaweza kufanya kazi usiku na mchana na pengo halitazibika, maana kila saa anayouza inamtia hasara ya zaidi ya 21.

Kutoka saa hadi bei ya kazi

Saa ni kipimo chako cha ndani. Mteja, inapowezekana, mpe bei ya kazi nzima. Ukimtoza kwa saa, kadiri unavyozidi kuwa hodari ndivyo unavyolipwa kidogo, na yeye anakaa akiangalia saa ukutani badala ya kuangalia kazi.

Chukua kazi unayoikadiria kuwa ya saa 6. Ongeza saa 1 ya yasiyotarajiwa, kwa sababu makadirio ya binadamu huteleza upande mmoja tu. Saa 7 kwa 39 ni 273. Vifaa vimekugharimu 80. Ongeza asilimia 20, viwe 96. Nyongeza hiyo ni halali yako kabisa: umevitafuta, umefunga pesa yako ndani yake, vingine vitaharibika wakati wa kukata au kufunga, na kimoja kikiwa kibovu ni wewe utakayerudi kukibadilisha. Jumla ni 369, na ndani yake faida ni karibu 58: 42 kutoka saa 7 zilizouzwa 6 juu ya sakafu ya 33, na 16 kutoka kwenye vifaa.

Kama umesajiliwa kukusanya kodi ya ongezeko la thamani, fika hapa kisha uongeze kodi. Ukisema "369" bila kutaja kodi na mteja akaelewa kwamba imo ndani, kwa kiwango cha asilimia 20 mamlaka ya kodi itachukua 61.5 kutoka humo. Faida yako yote imekwenda, na kidogo cha mshahara kimeifuata. Andika kwenye kila makadirio kama bei ina kodi au haina.

Kazi ndogo zinahitaji bei ya chini kabisa. Kazi ya nusu saa inavunja asubuhi nzima, kwa hiyo weka kima cha saa 2, na ukitaje kwenye simu kabla hujatoka. Na kazi ambayo hujui ndani yake kuna nini, kama kutafuta hitilafu, usiipe bei moja kwa kubahatisha. Toza ada ya uchunguzi kwanza, kisha ukishajua ugonjwa ndipo utoe bei ya tiba. Ada hiyo unaweza kuikata kwenye bei ya mwisho mteja akikubali kuendelea.

Punguzo linakula wapi

Mteja anaomba asilimia 10. Inasikika ndogo. Kwenye kazi yetu ya 369 ni karibu 37, na gharama zako hazikushuka hata senti, kwa hiyo zote 37 zinatoka kwenye ile 58. Umetoa karibu theluthi mbili ya faida kwa sentensi moja.

Wanaotetea punguzo husema litaleta wateja wengi. Tuseme kila 100 unayouza inakubakizia 30 baada ya gharama za kazi yenyewe. Ukishusha bei kwa asilimia 10 unabaki na 20, kwa hiyo lazima uuze kazi nusu zaidi ya za mwanzo ili upate kile kile ulichokuwa nacho. Duka la bidhaa linaweza kujaribu. Wewe una saa 1,056. Hiyo nusu ya ziada utaitoa wapi, kama si kwenye usingizi? Geuza hesabu upande wa pili: ukipandisha bei kwa asilimia 10 unabaki na 40 kwa kila kazi, na unaweza kupoteza robo ya kazi zako bila kupungukiwa kitu, ukiwa na muda mkononi.

Kwa hiyo mteja akisema ni ghali, punguza kazi, usipunguze bei ya kazi ileile. "Kwa bajeti hiyo naweza kufanya vyumba viwili sasa, cha tatu tukakipanga baadaye." Ukishuka bure bila kuondoa chochote, umemfundisha kwamba bei ya kwanza ilikuwa ya uongo, na mara nyingine ataanzia chini zaidi.

Namna ya kuitaja bei nayo ina uzito wake. Sema kazi itakayofanyika, sema bei, kisha nyamaza umpe nafasi ya kufikiri. Wengi huijaza kimya hicho kwa "lakini tunaweza kuzungumza," na hapo wamejishusha kabla hawajaombwa.

Makadirio yanayolinda bei

Methali inasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye huduma hilo halitoshi, maana mteja hawezi kukishika anachonunua kabla hujakifanya. Karatasi ya makadirio ndiyo inayomwonyesha. Iandike kazi kwa mafungu anayoyaelewa, ivitaje visivyohusika (hiki ndicho kipengele kinachozuia ugomvi kuliko vyote), idadi ya marekebisho yaliyomo ndani ya bei, nani analeta vifaa, lini kazi inaanza na kuisha, na siku ambazo bei hiyo itadumu. Siku 14 zinatosha pale bei za vifaa zinapoyumba.

Kinachoteketeza faida kwenye kazi zenye bei ya jumla ni nyongeza ndogo ndogo. "Ukiwa hapo hapo, niangalizie na kile." Saa moja ya bure kwenye kazi yetu ya saa 7 inabeba 39 kati ya 58. Jibu liwe tayari na liwe la upole: "Naweza, nitakuandikia bei yake sasa hivi tuendelee." Mteja mwungwana hakasiriki, anakasirika akiletewa ankara ya jambo ambalo hakuambiwa.

Malipo ya awali yafunike vifaa vyote na sehemu ya kazi. Nusu ya bei kabla ya kuanza ni desturi inayoeleweka. Kwa kazi ndefu, gawa malipo kwa hatua zinazoonekana kwa macho, na hatua ya mwisho iwe ndogo, ili akichelewesha usiwe umeshikiliwa mshahara wa mwezi.

Kujua kama bei imekaa sawa

Kila kazi ikiisha, andika saa ulizokadiria na zilizotumika. Ukifikisha kazi 10 utaona aina fulani ya kazi huzidi kila mara. Hiyo ipandishie bei peke yake, usiguse nyingine. Hesabu pia makadirio yanayokubaliwa. Yakikubaliwa yote, tena bila swali, bei iko chini. Wengi wakikataa, usishuke kabla hujajua wanatoka wapi: huenda tangazo lako linawaita watu wanaotafuta bei ndogo kuliko zote, na kwa hao hakuna bei utakayoitoa ikatosha.

Ukigundua kwamba umekuwa ukitoza chini ya sakafu, wateja wapya waanze na bei mpya leo. Wa zamani wape notisi ya siku 30 hadi 60, kwa maandishi, bila maelezo marefu na bila kuomba radhi. Pengo likiwa kubwa, wapandishe kwa hatua mbili zenye tarehe zinazojulikana tangu mwanzo. Ujumbe unaweza kuwa mfupi hivi:

"Habari za kazi. Kuanzia tarehe 1 ya mwezi unaofuata huu unaoanza, huduma ya kila mwezi itakuwa 430 badala ya 369. Kazi zinabaki zile zile na siku zile zile. Kazi tulizokwisha kukubaliana kabla ya tarehe hiyo zitafanyika kwa bei ya zamani. Ukipenda huduma ndogo zaidi inayokaa kwenye bajeti ya sasa, nijulishe nikuandalie."